Enoka, Mbeba Wagonjwa wa Igamba, na Mnyororo Uliokataa Kuoshwa

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mibuni ya Igamba. Enoka Mbonile amechuchumaa uani mbele ya baiskeli aliyoipindua magurudumu juu, tandiko na usukani vikiwa juu ya gunia. Mnyororo amekwisha kuufungua. Umo ndani ya kopo la siagi lenye mafuta ya taa, naye anausukasuka polepole, kama mtu anayeosha utumbo wa mbuzi.

Anautoa na kupitisha unyoya wa jogoo katika kila pingili, kisha anausugua kwa gunzi la mahindi. Tope jeusi linatoka, na mchanga ndani yake. Anaurudisha koponi. Mafuta yakituama, yale safi ya juu anayamimina kwenye kopo jingine yatumike tena, maana mafuta ya taa hayachotwi mtoni. Mwisho anaufuta kwa kitambaa mpaka kitambaa kinatoka cheupe, ndipo anautilia oili tone kwa tone.

Kazi safi kabisa. Lakini uso wake si wa mtu aliyeridhika.

“Nikiuacha mchafu, unakwama,” anasema. “Nikiuosha, unanitupa njiani. Sasa mimi nifanye nini?”

Enoka ndiye anayewabeba wagonjwa wa Igamba kwenda hospitali ya misheni. Mgonjwa huketi kwenye keria, amekunjiwa blanketi chini, amemshika kiuno. Zamani walibebwa kwa machela, wanaume wanne mabegani na wanne wa kupokezana, na mashamba yakilala siku nzima. Malipo yake ni senti hamsini kwa mwenye nazo. Asiye nazo huleta maharage, au huleta shukrani tu.

Kuuacha mnyororo mchafu hawezi. Vumbi jekundu la barabara huingia kwenye pini na kuzila kama mchwa. Basi huuosha, na tangu alipoanza kuuosha mwenyewe hapa nyumbani, umefunguka njiani mara mbili. Mara ya pili alikuwa amembeba Mama Marita, mjane mwenye kidonda cha mguu. Ilibidi amweke mgongoni mpaka kwenye nyumba za watu.

Hapo maneno yakawa mengi. Jonasi, jirani yake, alimwambia uchafu ndio gundi ya mnyororo, asiwe anamwogesha mzee huyo, asije akapata mafua. Wazee wa kanisa hawakutania. Walisema mnyororo ukimtupa tena mgonjwa, machela itarudi, na Enoka arudi kwenye jembe lake.

Na leo ni siku ya Mama Marita kufungwa dawa. Ameshafika, ameketi kwenye kigoda, mguu ameunyosha. Nyuma yake wamesimama wanaume wanne, na machela yao imeegemezwa ukutani.

“Enoka mwanangu,” anauliza, “leo nabebwa na nani? Wewe au hawa?”

Enoka anaurudisha mnyororo kwenye meno ya gia, anaunganisha ncha mbili kwa kile kiungo cha kufungulia, na juu yake anabana kibati kidogo kinachozuia kiungo kisitoke. Kibati hicho kina umbo la samaki: kichwa cha mviringo, mkia uliopasuka. Osward, fundi wa Tunduma, alimfundisha kwamba kichwa kielekee mbele, upande wa usukani, wakati kiungo kiko juu. Enoka anahakikisha. Kiungo kiko juu. Kichwa kinatazama usukani. Sawasawa na alivyofundishwa.

Mkewe, Tupokigwe, ameinama kuokota makopo wakati Enoka anazungusha pedali kwa mkono. Anabaki ameinama hivyo hivyo, anatazama.

“Baba Lusungu, mbona samaki wako anatangulia mkia?”

Enoka anamwambia si kweli, kichwa kiko mbele. Tupokigwe anauliza mbele ya nani, maana mnyororo unakwenda nyuma. Enoka anazungusha tena. Kweli, mnyororo wa juu unakimbilia gurudumu la nyuma. Anakuna kichwa. Wanaisimamisha baiskeli: sasa mnyororo wa juu unakwenda mbele. Wanaipindua: unakwenda nyuma. Jonasi anakuja kusaidia, naye anaongeza mkanganyiko, anadai gurudumu ndilo limegeuka. Wanaume wa machela wanaanza kubishana wao kwa wao.

Ndipo Enoka anakumbuka. Osward haipindui baiskeli; huitundika kwa kamba kwenye boriti, imesimama kama inavyotembea. Enoka hupindua, kama wanavyofanya wote wa Igamba, na mnyororo uliokuwa chini ndio unaokuja juu. Samaki anayetangulia mkia, ule mpasuko hugonga kila kitu, ukafunguka, na mwisho kibati huchomoka.

“Kumbe kuosha hakuna kosa,” anasema Jonasi.

Enoka anamgeuza samaki. Anazungusha, anatazama, anazungusha tena. Mama Marita anaomba ainuliwe, naye anaketi kwenye keria. Wanaume wa machela wanasema watafuata nyuma, hata hivyo.

Wanafuata hadi ng’ambo ya kijito, pale mnyororo ulipofunguka mara ya pili. Baiskeli inapita, mnyororo kimya. Wanasimama wakiitazama ikipanda kilima, kisha wanarudi mashambani.

Jioni Enoka anasema anatamani siku moja awabebe na wagonjwa wa Nanyala, huko hawana mtu. Tupokigwe anamuuliza kama sasa amelielewa jambo la samaki.

“Ukinigeuzia baiskeli ghafla, bado sijui mbele ni wapi,” anasema. “Lakini sitampandisha mgonjwa tena kabla sijazungusha pedali, nikaona nani anatangulia.”