Doa Katikati ya Andromeda

Mnisamehe mwandiko wangu, na mkikuta neno limekosewa, lisomeni tu kama mlivyozoea kulisikia. Shule niliachia darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi, na naandika polepole. Lakini jambo hili limenikera mpaka nimeona heri niliandike, maana kusema kunanishinda zaidi.

Tulipokuwa Louisville, hapa Marekani, nilipiga picha za nyota kwa kamera ya kawaida niliyoifunga kwenye darubini. Majira ya joto picha zilijaa nukta nyekundu na za kijani, kama mtu amemwaga mchanga. Kamera ikipata joto hujitengenezea nyota za uongo. Ndiyo maana nikatafuta kamera ya kupoza, yenye feni mgongoni, inayojipoza mpaka nyuzi kumi chini ya sifuri. Nilichagua ya rangi. Ya nyeusi na nyeupe huona zaidi, lakini inataka vichujio vya rangi, na kitu kimoja ukipige mara tatu au nne, nami nilikuwa nafanya kazi ghalani siku sita kwa wiki. Mzee mmoja mstaafu aliniuzia yake. Akasema, "Una mwezi mmoja. Usipoipenda, irudishe."

Wiki ileile tulihamia Buffalo, kwa sababu baba alipata kazi kiwandani Tonawanda. Njiani tulilala Columbus, mtaa wa Clintonville, kwa mama mdogo. Kwake kitu kipya hakipiti bila maombi: gari, kochi, hata sufuria ya umeme.

"Bon, haya, leta hiyo mashine," akasema. "Inafanya nini?"

"Inapiga picha za galaksi, mama mdogo."

"Na watu nani atawapiga? Wewe siku ya harusi ya dada yako ulijificha jikoni na kamera yako!"

Wote wakacheka, mimi nikaangalia viatu vyangu. Kisha akatuambia tufumbe macho. Aliomba muda mrefu, mpaka magoti yakaniuma. Tulipofumbua, kamera ilikuwa na kifuniko chake kama kawaida, nikairudisha kwenye boksi.

Buffalo ilitupokea kwa mawingu. Wiki mbili nzima sikuona nyota hata moja. Halafu Jumanne moja, saa kumi na mbili jioni, maana huku majira ya baridi giza huwa limeshaingia, anga likafunguka, nikaelekeza darubini kwenye Andromeda, galaksi jirani yetu. Picha ya kwanza ikatoka: galaksi ipo, na katikati yake doa la ukungu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Nikadhani ni barafu imeganda ndani. Nikapunguza baridi, nikangoja. Doa lipo. Nikabadilisha nyaya. Lipo. Nikaizungusha kamera, na kwenye picha galaksi ikageuka, doa likabaki palepale. Basi kosa ni la kamera yenyewe. Mama akatoka kuniita nikale, akanikuta nimeifunika, napiga zile picha za giza zinazosaidia kufuta nukta za uongo.

"Sasa unapiga picha giza?"

"Ndiyo, mama."

"Donc, yaani giza ya bure haikutoshi?"

Nilikuwa na hasira. Nikamwandikia yule mzee kwamba ameniuzia kitu kibovu. Akajibu kwa upole: irudishe tu, hata mwezi ukipita.

Jumapili mama mdogo akapiga simu.

"Ile mashine inaendelea? Mafuta yamesaidia?"

"Mafuta gani, mama mdogo?"

"Ya zeituni, ya maombi. Nilifungua kale kafuniko, nikapakaa kidogo ku jicho yake, ione mbali. Kwani haioni?"

Mtu anamwambiaje mama yake mdogo kwamba baraka yake ndiyo kosa? Nikasema, "Inaona."

"Amina!" akajibu.

Sasa siwezi kuirudisha. Kumpelekea mzee kamera tuliyoipaka mafuta sisi wenyewe, huku nikimwita yeye mdanganyifu, ni wizi. Nimemwandikia ukweli. Mistari minne ilinichukua jioni mbili, na bado hajajibu. Doa nimelifuta kwa kitambaa cha miwani, likawa michirizi, pana kuliko mwanzo. Anga limefungwa tena. Na mama mdogo anakuja Krismasi. Amesikia kwamba darubini haijaombewa.

Wewe unayesoma, kama umewahi kutoa mafuta kwenye kioo cha kamera ya namna hii bila kukikwaruza, tafadhali niandikie. Na kama kamera huzijui, lakini umewahi kumkatalia mama mdogo na bado akakupikia, niandikie pia, uniambie ulianzaje.