Bibi Alibaki Asifagie

Nilipokuwa mtoto, kwetu Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, hakuna aliyegusa ufagio mtu akiondoka safari. Ukifagia nyuma ya msafiri umemfagia na yeye, harudi tena. Ndivyo alivyotulea Bibi, mama yake baba, na wapangaji wetu walikuwa wameshamzoea. Mchaga wa chumba cha mbele akienda kwao Moshi, Bibi alikaa mlangoni pake kulinda mchanga mpaka apate habari kuwa amefika. Tulimcheka, ila chini chini.

Bibi alizaliwa Lamu. Aliletwa Dar es Salaam akiwa bibi harusi, na hakuwahi kurudi. Mwanzoni watoto walikuwa wadogo, kisha babu akaugua, kisha miaka ikapita tu. Ukimtajia Lamu alisema, "Mimi niliitupa," na uso ukambadilika mpaka ukajuta kuuliza. Dada yake mkubwa, Bi Rukia, alikuwa bado huko, na Bibi aliamini kwamba dada huyo alikwishamtoa moyoni.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, sukari kwa foleni, na mtu mwenye gari lake aliangaliwa kwa jicho la pembeni. Baba alikuwa fundi magari pale Msimbazi. Alikuwa ameunda Pijo moja kwa kuungaunga vyuma vya magari mabovu, na ilipokubali kuwaka akatangaza kuwa tunakwenda Kenya kuona miji ya kale: Mombasa, Malindi, mpaka Lamu. Sote tulijua safari ile ni ya nani.

"Mama, kiti cha mbele ni chako," alisema jioni ya kuamkia safari.

"Nikienda mimi, nyumba tumwachie nani? Hawa wapangaji watafagia hata Chalinze hamjafika."

"Wakifagia kwani kuna nini?"

"Kuna wajukuu wangu ndani ya hilo gari."

Baba alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Bibi hakusogea. Asubuhi tulimwacha kizingitini, kanga ameifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kazini, na kiti cha mbele akakaa mama.

Nilifurahi safarini, siwezi kusema uongo. Mombasa tulipanda juu ya Ngome ya Yesu, kaka yangu akakalia mzinga mpaka mlinzi akamfukuza. Malindi tulikula samaki kwa mikono, tukiwa tumeketi kwenye boneti. Kwenye magofu ya Gede kaka huyo huyo, shujaa wa mizinga, aligoma kuingia, akasema wenyewe bado wamo. Lakini kila tulipoona kitu kizuri mama alisema, "Bibi yenu angekiona hiki." Nilianza kuichukia ile sentensi kwa sababu ilikuwa kweli.

Mokowe baba aliegesha Pijo, tukavuka kwa mashua mpaka kisiwani Lamu. Bi Rukia tulimkuta kwenye baraza ya nyumba ndefu ya mawe. Alikuwa na pua ya Bibi na mabega ya Bibi, nikataka kulia. Alitupa mkono tukaubusu mmoja mmoja, huku akitazama nyuma yetu, kichochoroni.

"Yuko wapi?" akamuuliza baba.

"Amebaki, mama mkubwa. Anasema lazima abaki mtu asiyefagia, ili turudi. Na nadhani anaogopa. Anasema Lamu aliitupa mwenyewe."

Bi Rukia aliichezea ncha ya mtandio wake. Kisha akanivuta karibu.

"Wewe ndiye unayelala naye? Basi mwambie siku aliyoondoka mimi nilifagia. Nyumba ilijaa uchafu wa harusi, nikaona vibaya. Chombo chao hata Shela hapo jirani hakijapita. Mwambie anisamehe."

Tuliporudi Kariakoo mchanga wa ukumbini ulikuwa unalia chini ya viatu, na wapangaji walituomba tuwaruhusu kufagia. Bibi alitugusa mmoja mmoja kichwani. Usiku ule, tukiwa kitandani, nikampa salamu za dada yake neno kwa neno.

"Alifagia?" akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Kumbe si mimi," akasema Bibi taratibu. Akarudia, "Kumbe si mimi," na nikasikia analia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Tangu hapo Lamu haikumtoka mdomoni. Alitusimulia vichochoro, visima, punda wa jirani, na akaanza kushona nguo za kuendea. Mpaka wa Kenya ulifungwa kabla hajazivaa. Bi Rukia alifariki ukiwa bado umefungwa.

Sasa nimefika umri wao, na huwa naiwaza ile baraza. Bi Rukia alikumbuka kufagia baada ya baba kumjibu, si kabla. Na nyumba ya harusi hujaa mashangazi na majirani. Nani angempa ufagio dada wa bibi harusi? Mimi naamini hakufagia. Alitafuta kosa la kumtua nalo mdogo wake mzigo, akalipata palepale, akalibeba yeye. Bibi alikufa bila kulishuku, nami sikumwambia mtu. Natamani tu wangekutana, hata siku moja, Bibi amgombeze dada yake uso kwa uso kwa kosa ambalo hakulifanya.