Nikimwambia Chef Kwamba Nina Mimba, Mji Mzima Utajua

Admin, nifiche vizuri, maana hapa Uvira wanawake tunaozima moto tunahesabika. Nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa na mwalimu. Mtoto sina.

Mimba ya kwanza ilitoka baada ya vibanda vya sokoni kuungua. Nilishika mpira wa maji asubuhi nzima huku plastiki ikiwaka mbele yangu, na siku chache baadaye nikaona damu. Ya pili ilitoka baada ya kuzima nyumba ya muuza petroli kule ufukoni. Safari hiyo sikulia. Nilifua koti langu la kazi, nikalianika, nikapika ugali. Mume wangu akaniuliza kama nina moyo kweli. Nilimpakulia tu.

Muuguzi alisema hawezi kuapa kwamba ni moshi, lakini moshi ule si wa kuchezea. "Ukipata mimba ingine, ambia chef wako palepale akutoshe ku moto."

Chef wetu, mkuu wa kikosi, si mtu mbaya. Ukimwambia, anakutoa kwenye moto na kukuweka kwenye redio ya mawasiliano kituoni. Shida ni kwamba kazi zinagawanywa asubuhi tukiwa kwenye mstari, na anaeleza mbele ya wanaume wote kwa nini fulani hashiki mpira. Mwenzangu alitajwa hivyo, na kabla ya jioni wauza samaki wa ndagala walikuwa wanampongeza barabarani.

Mama mkwe wangu, mtu wa kijijini Lubarika, hataki kabisa niseme. Kwake mimba hufichwa mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. "Weye, usiseme kwa muntu," ananiambia. "Ile ya kwanza uliambia rafiki yako, na uliona. Iko batu ba macho mubaya." Anaogopa watu wenye kijicho. Mume wangu naye: "Sikiliza mama. Tukipoteza na hii, miye siwezi tena." Hasemi hawezi nini, nami simuulizi.

Ndiyo, nina mimba tena. Wao wanafurahi kimyakimya jikoni, mimi nimekaa kama mgeni. Nashindwa kufurahi, hata kuogopa nashindwa.

Nikisema kisha ikatoka, nyumbani watasema ni mdomo wangu. Nikinyamaza ikatoka, nitajua mwenyewe ni nini. Kesho asubuhi niko zamu, na nimepangwa mpira wa mbele. Ndugu zangu, hasa akina mama mliopoteza mimba, niambieni kabla sijasimama kwenye ule mstari: nifungue mdomo, au nishike mpira?