Msahafu wa Bi Rayya Usio na Namba

Aibu hii nimetembea nayo tangu nywele zangu nyeusi, na leo mjukuu wangu Tatu kaniambia, bibi, iandike ikutoke. Haya.

Ulikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, sukari kwa foleni. Binti yangu Mwajuma kaposwa na Suleiman, mjukuu wa Bi Rayya binti Nasoro wa Ng'ambo, Waarabu wa zamani wa Tabora. Bi Rayya akatualika hitima ya marehemu mumewe, nami nikajibebea msahafu wangu wa chapa (kusoma kwenyewe kwa kudokoadokoa, lakini wakwe watajuaje?), nikaketi ubavuni mwake, kidole kwenye mstari.

Yeye alisoma kwa sauti msahafu wa babu yake, ulioandikwa kwa mkono, uliokuja na misafara kutoka pwani. Kidole changu hakijafika hata nusu ya ukurasa, mwenzangu keshafunua mara mbili. Na Kurani ikirukwa, aliyesikia hanyamazi.

"Bi Rayya, umeruka."

"Nimeruka wapi, mwanangu?"

Ningekoma hapo. Nikachungulia kitabu chake. "Msahafu gani huu hauna namba za aya? Na maneno machache hivi, huu umepungua."

Dada yake Bi Rayya, Bi Zuhura, akaanza kukunja mkeka. "Kurani yetu ina upungufu, basi na mjukuu wetu wamwache." Mwajuma, aliyekuwa akigawa chai, akaweka birika chini.

Maalim Ramadhani, msimamizi wa hitima, akasema kutoka barazani, nyuma ya pazia, "Mama Mwajuma, tusomee ukurasa wako. Bi Rayya afuatishe kwake."

Nikasoma, nikakwama neno la pili, nikakwama la tatu, na kila nikikwama Bi Rayya ananimalizia kutoka kitabu chake, neno kwa neno, na ukurasa wangu mmoja ukamaliza zake tatu, maana herufi zake kubwa kama punje za karanga. Halikupungua neno hata moja.

"Namba waliziweka watu baadaye, msomaji asipotee," akasema Maalim. "Wewe umepotea nazo."

Bi Rayya akafunga kitabu. "Zuhura, tandika mkeka. Mwajuma tunamchukua, ila mama yake asome kwanza."

Basi harusi ikangoja. Mtu mzima nikakaa chuoni kwa Maalim na watoto, na kila jioni Mwajuma ananiuliza nimefika sura gani, kama askari wa zamu, mpaka nikahitimu Juzuu Amma ndipo akaolewa.

Siku hizi nikialikwa hitima napitiliza jikoni kwenye pilau. Huko ndani anayeruka na aruke, atajuana na Mola wake.