Nilisimamia msaada wa Kasongo, sasa nyumbani hakuna anayenisemesha

Admin, ficha jina langu, huku kwetu tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na saba, ninaishi upande wa Wamaza. Nimeolewa, lakini ninalala peke yangu. Mtoto wetu anasoma mjini Kasongo.

Mvua ilipobomoa nyumba nyingi hapa, wakubwa wa Kasongo walitutumia msaada: chumvi, blanketi na mabashi, yale maturubai ya kufunika nyumba. Walitaka mutu asiye na cheo asimamie ugawaji. Wananchi wakanichagua mimi, na bwana yangu alifurahi sana.

Mabashi mengine hayakuwafikia waliobomokewa. Niliyakuta kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa bwana yangu, ambaye alikuwa shefu wa kijiji. Wameanikia mpunga! Nikamwambia kwa heshima, kama kaka yangu mkubwa, "Yaya, tuyarudishe. Kuna mama amezaa juzi, mvua inamunyeshea na mutoto." Akacheka. "Wewe uko bibi wa hapa ao wa Kasongo?"

Wakaguzi wa Kasongo walipofika, waliniuliza mbele ya watu wote. Nikasema nilichoona. Mabashi yakarudishwa, shemeji akavuliwa ushefu.

Bwana yangu hakunitukana. Alikusanya nguo zake akahamia kwa kaka yake. Alisema tu, "Umetuvua nguo mbele ya wageni."

Nikifika kisimani, wanawake wa ukoo wananyamaza, kila mmoja anabeba ndoo yake. Hata yule mama aliyezaa ananipita bila salamu, anawaogopa. Ninapika bukari, ugali wetu, kidogo na bado inabaki. Redio ninaiacha ikisema tu, nisikie sauti ya mutu.

Sasa mto umefurika tena, watu wanalala kanisani na msikitini. Kasongo wanasema watasaidia, lakini msimamizi awe mimi. Jana bwana yangu alikuja, mara ya kwanza tangu aondoke. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mama, kaka mukubwa amenituma. Kataa ile kazi, nirudi."

"Na wewe mwenyewe unataka nini?"

Alitazama ndani, kwenye redio. "Ninataka kurudi nyumbani."

Ndugu zangu, ninampenda yule mwanaume. Lakini nikikataa, ninajua mabashi yataishia kwa nani, na wale watoto wa kanisani watanyeshewa wakirudi kwao. Nikikubali, sidhani kama atakanyaga tena hapa.

Wale wa Kasongo wanangoja jibu langu. Nifanye nini? Nishaurini, lakini tafadhali musiniambie nisali. Nimesali.