Glavu Iliyokuwa Inahamahama

Kidole gumba cha kushoto cha fundi cherehani wa ua wetu kimevimba mpaka hawezi kubana kitambaa chini ya sindano. Ukimuuliza, atakwambia kimebanwa na droo. Hakuna droo. Kwa miaka miwili, kila jioni akishafunika cherehani yake, amekuwa akichuchumaa mbele ya ukuta wa bafu na kudaka mipira ya softiboli anayorushiwa na binti wa kaka yake.

Softiboli ni mchezo wa mrushaji, mpigaji mwenye gongo, na mdakaji mwenye glavu nyuma yake; mpira wenyewe ni mkubwa kuliko chungwa na mgumu kama kisigino. Ukikugonga kwenye muundi, siku hiyo utaikumbuka. Binti ana miaka kumi na minne na wote tunamwita Manati, maana mkono wake unazunguka duara zima, unapita kando ya nyonga, halafu mpira unatoka kwa chini kama umefyatuliwa. Mpangaji wa chumba cha pili anapitisha ndoo yake ya maji mbio, kichwa chini, akinung'unika kwamba yeye alikodi chumba, hakujiandikisha jeshini.

Sasa, kuna shule moja ya bweni ya wasichana yenye timu, na kila mwaka inachukua mrushaji mmoja bila ada. Mmoja tu. Manati akikosa, anabaki alipo, darasa la watoto tisini na mwalimu asiyejua hata jina lake. Baba yake yuko mbali kwa ajili ya kazi za kuhamahama, na alichomwachia dada yake ni huyo mtoto na neno la kwenye simu: mwangalie. Basi fundi akamwangalia.

Kocha wa Manati ni mwalimu wa jiografia. Si mtu mbaya. Ugonjwa wake ni saa ya kwenye simu. Mpira ukiachiwa anabonyeza, ukilia kwenye glavu anabonyeza tena, halafu anatabasamu peke yake. Msimamo wake ni kwamba kasi hujengwa mtoto akiwa mdogo, shabaha itakuja baadaye. Fundi alimwambia tangu mwanzo kwamba anataka mpira uende pale ulipoelekezwa kwanza. Kocha akamjibu kwa heshima zote kwamba dada yangu, wewe kazi yako ni kudaka, niachie mimi hesabu. Fundi hakubishana. Na hapo ndipo alipokosea, nitasema wazi ingawa nampenda.

Fundi huyu ana tabia moja ya kazini. Ukimletea kitambaa ulichokata upogo mwenyewe, hakusemi. Anakichukua, anakivuta huku, anakipunguza kule, upogo wote anaufichia kwenye pindo, na wewe unaondoka unajiona unajua kukata. Wateja wanampenda kwa hilo. Uani akafanya hivyohivyo. Mtoto huyo amemlea, anaujua mwili wake. Akiona nyonga imefunguka mapema, anajua mpira utakwenda kushoto, na glavu inakuwa imeshafika kushoto kabla ya mpira. Kila mpira ulioingia kwenye glavu anauhesabu, kisha anaandika kwenye ukuta kwa chaki yake ya kuchorea nguo. Arobaini na tatu kati ya hamsini. Arobaini na sita. Kocha akipita anasoma ukuta, anasikia glavu inalia vizuri, anabonyeza saa yake. Wote watatu wakawa na raha.

Jumamosi ya majaribio ya shule ile fundi alifunga kazi, akavaa gauni la kutokea. Mdakaji alikuwa msichana wa bweni mwenye mabega mapana na uso wa kuchoka. Aliweka glavu mahali, akaiacha hapohapo. Yaani haisogei. Ndivyo walivyofundishwa pale: mdakaji anaonyesha, mrushaji anafika.

Warushaji walikuwa watatu, kila mmoja mipira ishirini. Mpira wa kwanza wa Manati ulipita nusu mita kando ya glavu, ukagonga wavu wa nyuma kwa kishindo, na watu wakaguna kwa ile kasi. Wa pili vilevile. Kufika wa tano hakuna aliyeguna tena. Fundi alikuwa kwenye benchi, na kila Manati aliporusha, mkono wa kushoto wa fundi uliruka wenyewe, juu, kulia, chini, kila mara mahali mpira ulipokwenda. Mama aliyekaa jirani akamuuliza kama anajisikia vibaya. Wa kumi na tatu ulimpata mpigaji kwenye kiwiko, akakaa chini akilia. Baada ya hapo Manati akaanza kurusha taratibu kwa woga, na wapigaji wakaipiga ile mipira kama wanafukuza nzi. Iliyofika kwenye glavu ilikuwa sita.

Mwalimu wa michezo wa pale hakumchagua yeyote. Alisema warudi wote watatu baada ya wiki sita, kisha akamvuta Manati pembeni na kumwambia kwamba kasi kama ile hajaiona muda mrefu, ila hamweki mtoto wa mtu mbele ya mpira usiojua unakokwenda.

Walipofika uani Manati alisimama mbele ya ukuta, mbele ya zile namba.

"Ulikuwa unaifuata mipira."

"Nilikuwa nadaka, mwanangu."

"Unaifuata, Shangazi. Ulikuwa unajua mpira unakwenda kando, halafu unaniambia umeingia. Miaka miwili."

Fundi alivua viatu kwanza. "Nilikuwa nakuona unafurahi," akasema.

Manati akaingia ndani. Chakula hakukigusa.

Jumapili Kocha alikuja, simu mfukoni. Alikubali kwamba saa yake ilikuwa inasimama kwa mlio wa glavu, na yeye hakuwahi kuangalia glavu iko wapi. Lakini hapohapo akaanza upya: wakipunguza kasi sasa, mkono utajifunza kuachia mpira mahali pengine, na ukirudisha kasi kila kitu kinaharibika. Safari hii fundi hakunyamaza.

"Kocha, mimi nafundisha watu kushona. Simwambii mwanafunzi akanyage taratibu, cherehani inakwama na uzi unakatika. Akanyage kama kawaida. Ila nampa pindo fupi. Akilinyoosha hilo, naongeza."

Kocha alikuna kidevu. "Asogee karibu, unamaanisha."

"Nusu ya umbali. Mkono uzunguke kwa nguvu ileile."

Jioni hiyo fundi alitoa pazia kuukuu, akalikunja mara nne, akakata tundu la ukubwa wa sahani na kulizungushia mshono, huku akibana kitambaa kwa kiganja kwa sababu ya kile kidole. Akalitundika kwenye kamba ya nguo. Manati alitoka bila kumwangalia, akapima nusu ya umbali kwa hatua, akaanza kurusha. Pazia halimjui mtu. Mpira wa kushoto ulipiga kushoto, ukaanguka chini.

Tisa kati ya hamsini. Mpangaji wa chumba cha pili aliuliza kama sasa anaweza kupita na ndoo yake, na hakuna aliyecheka. Fundi aliandika tisa chini ya arobaini na sita, bila kuifuta ile ya juu. Manati akaitazama, kisha akaanza kuokota mipira.

Zimebaki wiki tano. Jana ilikuwa kumi na nne. Wale warushaji wawili wengine nao hawajalala, na wiki tano si kitu. Fundi sasa anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya pazia, na viganja vyote viwili ameviweka chini ya mapaja, amevikalia. Nyonga ya Manati ikifunguka mapema, bega la kushoto la fundi linashtuka. Anajikandamiza zaidi, anauacha mpira uanguke.