Anayewafundisha Watoto Kumtetea Mchomaji

Saa kumi jioni, mtaa wa Kawangware 56, Nairobi. Nzilani Kyalo hatulii. Anatoka dirishani hadi mlangoni, chaki mkononi, sikio barabarani. Kelele zikipanda, watoto wanafunga vitabu. Zikishuka, wanavifungua tena.

"Ticha, leo kuna teargas?"

"Leo kuna Literature. Soma!"

Ni Februari 2008. Tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe, vurugu zimezuka na majirani wamekimbiana. Nzilani, mzaliwa wa Machakos, huwasaidia wanafunzi wa sekondari kazi za nyumbani za Kiingereza na fasihi katika chumba cha mabati alichokodi. Walikuwa thelathini. Sasa hawafiki kumi, Wajaluo na Wakikuyu, wanaopigana huko nje, benchi moja.

Hatoi majibu. Kabla ya kuandika, mwanafunzi husimama na kumtetea mhusika anayemchukia kuliko wote. Kisha mwingine humjibu kwa niaba ya aliyekosewa.

"Mtihani hauulizi unampenda nani," anasema. "Unauliza kama umemwelewa."

Wiki iliyopita mtindo huo ulimponza. Trizah wa kidato cha pili alipewa hadithi ya mtu aliyechoma ghala la jirani. Akafanya mazoezi nyumbani kwa sauti, kwa Kiingereza, na mamake alipouliza anasema nini, akamtafsiria: "Nilichoma kwa sababu niliogopa angeanza yeye."

Mamake, Mildred, aliuza mitumba Soko la Toi, karibu na Kibera, mpaka moto ukateketeza kibanda chake. Walitoroka Kibera wakiwa na godoro moja tu.

Alifika darasani akitweta. "Mimi nalala chini, na wewe unafunza mtoto wangu kuongea kama hao waliotuchomea?"

"Mama Trizah, keti kwanza."

"Siketi! Omba msamaha mbele ya hawa watoto, ama namtoa. Na wenzangu watatoa watoto wao."

Wakitoka hao, chumba kinafungwa. Nzilani hana kazi nyingine.

Trizah akamgeukia mamake. "Mathe, bado mwenye ghala hajajibu. Mjibie wewe."

Mildred akafungua mdomo kugomba, yakamtoka mengine: kibanda, marinda aliyoyapiga pasi alfajiri ya siku ya moto, mkaa wa pasi aliopewa na jirani. Alisema yote kwa Kijaluo. Trizah alitafsiri kwa Kiingereza, na hakuna aliyecheka.

Lakini Mildred bado anataka aombwe msamaha. Leo amemleta Trizah mwenyewe, na amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Umefikiria, mwalimu?"

Nzilani amefikiria. Njia zikitulia, anataka kufungua darasa la pili Kibera, karibu na Toi, kwa mtindo huu huu.

"Kwa kibanda chako, Mama Trizah, pole. Pole sana, na nitaisema kila siku," anajibu, akimpa Trizah chaki. "Kwa somo hili, siombi msamaha."